Naombeni ushauri: nataka kuunda mashine ya tofali za kuchoma kwa michoro ya zamani, nianze na ipi?

Mfyatuaji_IR
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mi nafyatua tofali za kuchoma huku Iringa, kazi yetu ya bondeni mnaijua, vijana wanakanyaga tope kwa miguu, kalibu ya mbao, tunaanika, tunapanga tanuri, tunachoma. Sasa kukanyaga ndo kunaniua, msimu wa kilimo ukikaribia vijana wote wanakimbilia shamba na oda zinabaki zinanisubiri. Bei ya mashine ya dukani nimeulizia nikakata simu taratibu.

Sasa kwenye kupekua pekua nimekuta michoro ya mashine za Wazungu za karne ya 19. Kuna ile ya pipa limesimama, katikati shafti lenye visu, juu boriti ndefu farasi anazunguka nayo. Nyingine inasukuma udongo unatoka mche mrefu halafu unakatwa na waya. Nyingine tena ina kalibu za chuma zinakandamizwa. Kuchomelea najua, injini ya dizeli ya kichina ninayo ilikuwa ya kinu cha kusaga, na kuna jamaa hapa jirani anauza gia boksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) ya lori la Fuso kama chuma chakavu. Naombeni mnisaidie, kati ya hizo nianze na ipi, na je vitu vya miaka 150 iliyopita bado vinafaa au napoteza muda? Picha ya waya inanivutia zaidi kusema ukweli.

Kijana_wa_Site
Mkuu achana na kuchoma, mnamaliza miti. Chukua mashine ya mkono ya intaloki, zile tofali za kushikana zisizochomwa, udongo na saruji kidogo, unabonyeza mpini, tofali hilo. Kuni hamna.

Karakana_Kuukuu
Intaloki ni nzuri ila umejibu swali la mtu mwingine. Zile za mkono nyingi babu yao ni CINVA-Ram, aliibuni injinia Mchile Raúl Ramírez akiwa Bogotá, Colombia, miaka ya 1950, na inataka udongo wenye mchanga wa kutosha, unyevu kidogo tu, na saruji. Ukiiwekea udongo wa mfinyanzi wa bonde unang'ang'ania kwenye chuma, saruji unamwaga nyingi na bado tofali likikauka linapasuka. Mwenzetu mali aliyonayo ni udongo huo wa mfinyanzi.

Mfyatuaji, twende kwenye swali lako. Wazungu hao wa michoro yako hawakuanza na mashine ya kufyatua, walianza na kukanyaga. Lile pipa la farasi lilitumika Uingereza miaka na miaka huku kufyatua kwenyewe bado ni mkono, fundi na meza yake na kalibu yake, kwa sababu fundi mzuri akiwa na wasaidizi alitoa maelfu ya tofali kwa siku ilimradi tope limfikie limeiva. Na wewe umesema mwenyewe kinachokuua ni kukanyaga, hujasema kalibu. Kwahiyo kabla ya waya na mbwembwe, tengeneza pipa.

Ila pipa lina siri zake. Ukichomelea visu vimelala flati, tope litazunguka pamoja na shafti, kutwa nzima linazunguka na halijachanganyika hata kidogo. Visu vinapangwa kupanda kama ngazi ya kuzunguka shafti, kila kimoja kimeinamishwa upande wa kusukuma chini, na kwenye ukuta wa pipa unaweka vyuma vilivyotulia vinavyopita katikati ya visu vinavyozunguka. Hivyo vyuma ndo vinalizuia tope lisigeuke na shafti, likikwama pale kisu kinalikata. Wengine walifanya boksi la mbao la pembe nne badala ya pipa, pembe zenyewe zinafanya kazi hiyo hiyo. Mlango wa kutokea uko chini pembeni, uwe na kibao cha kupandisha na kushusha, ukiubana tope linakaa ndani muda mrefu na linaiva zaidi.

Eng_Torati
Naongezea upande wa nguvu maana hapa ndo watu wengi wanaharibu. Farasi akizunguka na boriti ya mita 3.5 anatembea kama mita 22 kwa mzunguko, kwa mwendo wake wa kawaida shafti linapata mizunguko 3 hivi kwa dakika. Ni polepole sana eh? Lakini chukua ile nguvu farasi ya kwenye vitabu, wati 746, gawa kwa mwendo huo, unapata nguvu ya kuzungusha zaidi ya Newton mita 2,300. Farasi wa kweli akifanya kazi kutwa hafiki hapo, ila unaona ukubwa wake. Ndo maana mtu anafunga mota na mnyororo wa pikipiki kwenye pipa la tope halafu analia mnyororo umekatika.

Sasa injini yako tuseme inatoa nguvu farasi 10 kwenye shafti. Ukiishusha mpaka mizunguko 30 unapata nguvu ya kuzungusha ile ile ya yule farasi wa kitabuni, ila kasi mara 10. Usizidi hapo sana, ukikimbiza visu vinapasua hewa tu ndani ya tope na kulika upesi. Kushuka kutoka mizunguko 2,200 ya injini mpaka 30 unahitaji kupunguza kama mara 70 na kitu. Puli na mkanda mara 2, gia namba 1 ya gia boksi karibu mara 6, difu karibu mara 6, umefika. Hesabu meno mwenyewe usiamini kumbukumbu yangu, gari na gari zinatofautiana. Halafu muhimu, difu lazima uifunge kwa ndani, zile gia ndogo za katikati zichomelewe zisicheze. Ukiiacha wazi ukazuia ekseli moja, ile nyingine inazunguka mara mbili na nguvu inagawanyika nusu. Hapo utakuja kulaumu injini bure.

Mfyatuaji_IR
Eng shukrani sana hii ya difu nisingeijua kabisa. @Karakana_Kuukuu nimekuelewa mkuu ila bado moyo uko kwenye waya aisee, maana naona tofali zinatoka zimenyooka pembe kali, kalibu zangu za mbao tofali zina masikio, yaani tope linalochomoza kwenye kingo. Kwani ugumu wake uko wapi? Si ni pipa hilo hilo unalilaza na kuweka mdomo?

Karakana_Kuukuu
Ugumu wote uko kwenye huo mdomo, na walihangaika nao miongo.

Mashine za kusukuma zilipata umaarufu Uingereza miaka ya 1840 kwa ajili ya mabomba ya udongo ya kukausha maji mashambani, akina Thomas Scragg wa Cheshire, maana wenye mashamba walikuwa na hela na tofali zilikuwa na kodi yake tangu 1784 mpaka ikafutwa 1850, wakati mabomba ya mashambani yalikuwa yamesamehewa. Nyingi zilikuwa za boksi na pistoni: unajaza udongo, unafunga, unazungusha mpini, meno yanasukuma pistoni, bomba linatoka. Inatoka vizuri ila kila boksi likiisha unasimama unajaza upya, ndo maana wengine waliweka boksi mbili, moja inasukuma nyingine inajazwa. Ukitaka kujaribu waya kwa bei ndogo anzia hapo kwenye pistoni, sio kwenye skrubu.

Skrubu ndo ilileta kazi isiyosimama, Berlin kulikuwa na Carl Schlickeysen miaka ya 1850, Philadelphia wakafuata Chambers. Inafanya kazi kama kinu cha kusagia nyama. Lakini udongo una kumbukumbu. Skrubu inapoishia inaacha alama ya kujipinda ndani ya mche, na shina lake linaacha kovu katikati, likauke tofali ulivunje utaona tabaka zimejikunja. Kwahiyo kati ya skrubu na mdomo unaacha nafasi udongo ujifunge tena, halafu mdomo wenyewe unasinyaa taratibu. Na ndani ya pipa unaweka mbavu za kulala kwa urefu udongo usizunguke na skrubu.

Halafu mdomo ukiwa wa pembe nne, katikati udongo unakimbia, kwenye pembe unasuguana na chuma unachelewa. Matokeo yake mche unatoka na pembe zimechanika meno meno. Dawa yao ilikuwa kuingiza maji membamba ndani ya mdomo, kati ya udongo na chuma, uteleze. Maji yakizidi ngozi ya tofali inachujuka, yakipungua meno yanarudi. Wenzetu wenye viwanda vya leo bado wanakaa wanachonga midomo kwa kujaribu.

Na waya pia, mche hausimami, ukikata kwa fremu iliyotulia mkato unakwenda mshazari. Fremu lazima itembee na mche juu ya rola wakati inakata. Inawezekana, ila sio kazi ya kwanza ya karakana ya nyuma ya nyumba.

Ile ya tatu uliyoona, ya kukandamiza kwa chuma, iache kabisa. Kina Bradley na Craven pale Wakefield walijenga zile miaka ya 1850 kwa udongo mgumu wa aina ya mwamba unaosagwa kwanza, mashine zenyewe ni milima ya chuma.

Mama_Tanuri
Mwanangu hawa kaka zako wanaongelea vyuma tu, mi nauliza udongo wako ukoje? Kama ni ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi mpaka mguu unaingia, hamna mashine itakayokusaidia. Tengeneza kipande kirefu, chora mistari miwili umbali wa sentimita 10, kianike kivulini mpaka kikauke kabisa halafu pima tena. Kama imepungua zaidi ya milimita 8 hivi ongeza mchanga. Na uangalie vijiwe vyeupe vya chokaa, vikichomwa ndani ya tofali halafu likapata unyevu vinafumuka vinatoboa tofali. Zamani walikuwa wanapitisha udongo kwenye rola mbili za chuma kabla ya pipa, au wanausafisha kwa maji kwenye shimo la duara farasi akivuta haro (reki kubwa ya kukoroga), mawe yanabaki chini.

Halafu ukishapata pipa, changanya na pumba za mpunga humo humo. Kule Haverstraw kando ya mto Hudson, New York, kulikuwa na James Wood alichanganya vumbi la makaa ya mawe ndani ya udongo, akapata hataza 1836, tofali likawa linajichoma kwa ndani, siku za tanuri zikapungua. Pumba sio makaa lakini mwendo ni ule ule, na huyo kijana wa miti hapo juu atafurahi. Ila kiasi, ukizidisha tofali linakuwa jepesi halafu linapukutika.

Karakana_Kuukuu
Mama umenigusa maana Haverstraw hiyo hiyo ndo jibu lake. Richard Ver Valen pale pale mwaka 1852 alichukua kazi ya pipa la kukoroga, chini yake akaweka kisukumio cha kukandamiza tope lile laini kwenye kalibu za mbao zenye vyumba kadhaa, baadaye vyumba 6 ikawa kawaida. Kalibu inarushiwa mchanga kwanza isinate, inaingia chini ya mashine, inajazwa, inatoka, unakwangua juu, unaenda kumwaga uwanjani. Tope lake ni laini kama lako, maji robo hivi ya uzito, wakati ya waya inataka udongo mgumu wenye maji kama asilimia 12 mpaka 15, na huo mgumu ndo unakula injini. Mfyatuaji, pipa kwanza, likikubali msimu mmoja ongeza kisukumio, masikio kwenye tofali yataisha ukiwa na kalibu nzuri na mchanga mkavu.

Mchangiaji_Huru
Na vijana wa kukanyaga wataenda wapi? Au ndo maendeleo?

Eng_Torati
Swali la zamani hilo. Manchester miaka ya 1860 wafyatuaji walikuwa wanatia sindano kwenye udongo wa matajiri wasiowataka, mfyatuaji akishika tope anachomwa mkono, mpaka serikali ikaunda tume. Kwa kesi yake lakini vijana si amesema wanaondoka wenyewe kwenda shamba? Na pipa likitoa tope jingi atahitaji watu wa kalibu na kuanika zaidi ya aliokuwa nao. Uwanja wa kuanika ndo utakaojaa kwanza, mkuu jipange na mabanda.

Mfyatuaji_IR
Nimeelewa, waya nimeuweka pembeni. Naenda kumchukulia jamaa gia boksi na difu wiki hii. La mwisho, visu nitumie chuma gani, na jiwe likiingia je? Mawe madogo yapo sana huku.

Karakana_Kuukuu
Springi za gari, zile bapa za lori, ni ngumu na zinavumilia mchanga. Usichomelee visu moja kwa moja kwenye shafti, chomelea soketi halafu kisu kifungwe na bolti, maana vya chini vitaisha kabla ya vya juu na utataka kuvibadilisha bila kung'oa shafti. Kati ya kisu na ukuta acha nafasi ya kidole.

Eng_Torati
Kwa mawe, pale difu inapoungana na shafti la pipa weka flenji mbili na bolti moja laini ya kawaida, sio ya chuma kigumu. Jiwe likibana bolti inakatika, gia boksi inapona. Nunua bolti za akiba. Na juu ya pipa weka wavu wa nondo, nafasi ya koleo la tope kupita lakini mkono usifike kwenye kisu, na usimruhusu mtu kusukumia udongo kwa mguu injini ikiwaka hata kama amezoea. SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo mkoani wana mafundi, waonyeshe mchoro wa flenji kabla hujakata pleti.