Kuumwa na nge: mbona hatuoni hesabu yake?

Mzazi wa Kisauni
Assalaam alaykum. Juzi usiku mtoto wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka minne, aliumwa na nge aliyejificha ndani ya kiatu chake. Kwenye zahanati alipewa dawa ya maumivu, na daftarini pakaandikwa "ameumwa na mdudu", basi. Nyoka huandikwa kwa jina lake, lakini nge huchanganywa na nyigu na siafu. Je, ni dalili zipi zinazopaswa kumfanya mzazi atoke usiku huohuo bila kungoja kuche?

Muuguzi, Likoni
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Watu wazima wengi huumia sana kwa saa kadhaa kisha wakapona. Hatari kubwa iko kwa watoto, kwani sumu ileile huingia katika mwili mdogo. Sumu ya nge walio hatari huchochea mishipa ya fahamu mfululizo, moyo ukaenda mbio, na mapafu yakaweza kujaa maji. Mtoto akitokwa na jasho na mate mengi, akitapika tena na tena, akihangaika, au macho yakimzungukazunguka, mpelekeni hospitali kubwa mara moja. Msichanje, msifyonze wala msifunge kamba. Jiwe jeusi, ambalo hadi leo naliona limefungwa kwenye vidole vya wagonjwa, halitoi sumu yoyote, bali humchelewesha mtoto.

Mwanafunzi wa afya ya jamii
Dada muuguzi amesema kweli. Nikirudi kwenye hesabu, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalitaja zaidi ya watu milioni 1.2 wanaoumwa na nge duniani kila mwaka, na vifo zaidi ya 3,000. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017, na nge wakabaki nje. Mexico, ambako wanaoumwa ni wengi mno, vifo vilipungua sana baada ya dawa ya kuzuia sumu kusambazwa. Lakini dawa hiyo hutengenezwa kwa aina maalumu za nge, kwa hiyo hatuwezi kuagiza ya kwao tukaridhika. Nchini India, daktari Himmatrao Bawaskar alionyesha kwamba prazosini, dawa ya shinikizo la damu, huwaokoa wagonjwa wengi. Ila hakuna atakayetununulia chochote kwa ajili ya "mdudu", hivyo mwombeni mhudumu aandike nge, umri wa mgonjwa na saa aliyoumwa.

Fundi mwashi, Changamwe
Mimi hukutana nao kwenye marundo ya mawe ya matumbawe na chini ya makuti makuukuu, hasa mahali penye mende wengi, kwa kuwa mende ndio chakula chao. Ile kurunzi ndogo ya kukagulia noti bandia, ukiimulika gizani, humfanya nge ang'ae rangi ya kijani kibichi hata akiwa ufani. Aliyejivua gamba karibuni hang'ai, kwa hiyo viatu bado vikung'uteni.