Naomba ushauri: kazi napiga ila PEPMIS (mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi wa umma) inasoma sifuri

Habari wakuu. Mimi mwalimu wa msingi, halmashauri siitaji. Tangu tuache OPRAS, ule upimaji wa zamani wa makaratasi, tukahamia PEPMIS kila kitu ni mfumo, unajaza majukumu yako halafu unasubiri bosi aidhinishe, sasa mkuu wangu simu janja anayo ila ni ya WhatsApp tu, kwenye mfumo haingii. Darasa la tatu nimewapokea wengi hawajui kusoma saivi wanamaliza hadithi wenyewe, ila asilimia zangu zimeganda palepale. Mwenzangu mtoro wa vipindi yuko vizuri kwa sababu ndo anashika paswedi ya mkuu (!!). Morali imekata jamani. Nimfuate mkuu mwenyewe au niende kwa afisa utumishi? Naogopa kuitwa mchongezi na nasubiri kupandishwa daraja.