Nani anakumbuka waandishi wa malori Malindi? Nina ubao wa nyuma wa Bedford

Wa_Barani aliuliza:
Assalaam aleikum jamani. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na Bedford ya kubeba chumvi ya Gongoni kupeleka Mombasa. Lori lenyewe liliuzwa chuma chakavu zamani, ila ubao wa nyuma shangazi aliuchukua akaezekea banda la kuku. Juzi banda limeanguka, kuugeuza ubao, kumbe upande wa chini rangi ipo! Herufi za manjano, ukingo mwekundu, kivuli cheusi. Panasomeka RA YAVUTA HE, huku na huku mchwa wamekula.

Nimepita duka la stika, kijana kaniambia nimtumie picha, kesho asubuhi nije nichukue mpya. Sina ugomvi naye, lakini moyo umekataa. Kuna fundi Malindi hapa anayeandika kwa brashi bado? Na mbona vivuli vyote vimeangukia kushoto? Jirani ananiambia eti ni jua la asubuhi linalotoka baharini.

FundiMstaafu:
Kaka, jua halihusiki. Tazama B, D, P, R: mgongo wake uko kushoto na umenyooka. Kivuli ukikiweka kushoto unashuka na brashi bapa mara moja, umemaliza. Ukikipeleka kulia utazunguka na matumbo yote ya herufi, na tajiri amekusimamia anauliza kama gari litatoka leo.

Nilianzia nyuma ya gereji moja njia ya Lamu, darasa la saba nimemaliza juzi. Mwaka mzima kazi yangu ilikuwa msasa na kuosha brashi kwa mafuta ya taa. Mwalimu wangu hakuwa na rula ndefu. Alikuwa na uzi wa kushonea, anaupitisha kwenye chaki, mimi nashika kule yeye huku, anauvuta kwa vidole viwili na kuuachia: pa! Mstari umenyooka kuliko barabara ya Garsen. Kilichonitesa ni S. Akanifundisha nichore 8 kwa chaki kisha nifute pande mbili. Mpaka leo nikiandika S, hata kwenye fomu ya hospitali, mkono unaanza na 8.

Maneno ya nyuma yalikuwa ya raha, lakini pesa ya uhakika ilikuwa mlangoni, kwa sababu ya polisi: jina la mwenye gari, sanduku la posta, uzito gari likiwa tupu na uzito wa mzigo. Siku ya kwanza kuachiwa mlango niliandika MALIDI. Rangi ya mafuta hiyo, imeshashika. Mwalimu hakunigombeza. Alichukua brashi nyembamba akaichomeka N ndogo kati ya I na D, kama mtoto aliyebanwa kwenye kiti cha matatu. Lile lori lilitupita na N yake miaka na miaka, na turnboi akiniona ananipigia kelele: "Malidi!"

Matatu ndizo zilizotuvunja. Zilipokuja sheria za Michuki, yule waziri wa uchukuzi, mwaka 2004, maua na majina yakafutwa, ukabaki ule mstari wa manjano wa ubavuni. Wiki zile tulipiga mistari usiku na mchana, mifuko ikajaa. Halafu kimya.

Ubao wako usiupake chochote, na tapentaini usiisogeze, itaondoka na rangi. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Waandishi wapo wawili watatu, siku hizi wanaandika vibanda. Ulizia sokoni.

Mwamu_Langoni:
Sisi wa Amu (Lamu kisiwani) malori tulikuwa tukiyaona Mokowe, ng'ambo ya bara, yakifika majini ndiyo mwisho wake. Maandishi yetu ni ya vyombo: jina la jahazi, na kule omo, mbele ya chombo, macho mawili, duara jeupe lenye mwezi na nyota. Baba alikuwa akiifanya kazi hiyo. Tabu yake kubwa ilikuwa mbao zilizokunywa sifa, yale mafuta ya papa, rangi haikai. Alikuwa akizikwangua kwa kipande cha chupa mpaka mti utoke mweupe, mikono inanuka siku tatu, mama hamkaribishi mezani. Punda hatujawaandika, ingawa wapo waliotaka.

Stika_na_Mabango:
Mie ni wa stika (si huyo wa kwako!) na naomba nijitetee. Mteja anakuja saa nne, anataka gari saa kumi. Ila kweli, kazi yangu kwa jua hili la pwani ikifika mwaka wa tatu inakunjamana kama ganda la kitunguu. Hiyo ya ami imekaa juu ya kuku tangu lini?

Wa_Barani:
Tangu kabla sijaoa, na mwanangu wa kwanza yuko chuo.

Fundi, shukrani. Nimeosha kama ulivyosema, jioni mbili, mavi ya kuku yametoka. Kwenye ile Y manjano yamebanduka kidogo, na chini yake kuna kijani, herufi nyingine kabisa, kubwa kuliko hizi. Shangazi anasema kabla ya ami lori lilikuwa la mtu wa Mambrui na lilikuwa na jina, ila halikumbuki. Sitakwangua. Nimeuegemeza sebuleni, na kuku nimewanunulia mabati mawili.