SSD ipi kwa kompyuta ya nyumbani: 870 EVO, SN570 au 870 QVO?

Mbuni_Kijani
Wakuu, habari zenu. Nina kompyuta ya mezani, Core i5 ya kizazi cha 6, RAM 8 GB, na diski ya kuzunguka ya 1 TB iliyokuja nayo. Nikibonyeza kitufe cha kuwasha naenda kuoga. Nikirudi, taa ya diski bado inapepesa na kishale kinakwamakwama. Mashine yenyewe ni nzima, sina nia ya kuitupa.

Kazi zangu ni nyaraka, kivinjari chenye tabo thelathini, kuhariri picha za kamera, na mara mojamoja kuhamisha folda la video la kama 60 GB. Nataka kuiwekea SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka. Nimechuja zikabaki tatu, zote za 1 TB:

– Samsung 870 EVO: SATA (njia ya zamani, ya kebo), TLC (aina ya chipu), inasoma 560 MB kwa sekunde, waranti miaka 5
– WD Blue SN570: M.2 NVMe (njia mpya ya kasi, kadi ya kuchomeka kwenye mazabodi), TLC, inasoma 3,500 MB kwa sekunde, waranti miaka 5
– Samsung 870 QVO: SATA, QLC (aina nyingine ya chipu), inasoma 560 MB kwa sekunde, waranti miaka 3

Kwa macho yangu hiyo ya WD inazipiga wenzake bao mara sita. Kuna sababu yoyote ya kutoichukua?

Nyaya_Tupu
Ipo. Hiyo 3,500 ni kasi ya kusoma faili moja kubwa, limenyooka mwanzo hadi mwisho. Kompyuta ikiwa inawaka haisomi hivyo. Inaokota vijifaili maelfu, kimoja huku kingine kule, na kinachokuchosha ni kungoja kila kimoja kipatikane.

Chukulia diski yako ni ya mizunguko 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja unakula milisekunde 8 na kitu, na kwa wastani unangoja nusu yake. Kabla ya hapo kichwa nacho kimeshatumia milisekunde nyingine 8 au 9 kusogea hadi kwenye njia yake. Jumla ni kama 12 kwa kila ombi, yaani maombi 80 hivi kwa sekunde. Tabo thelathini na antivirusi inayochungulia kila kitu, utafika wapi na 80?

SSD yoyote, hata ya SATA, inajibu ombi kwa karibu milisekunde 0.1. Hapo ndipo utakapoona kompyuta imebadilika. Ukitoka SATA kwenda NVMe, kwenye vijifaili tofauti ipo, ila ni ya kuonwa na programu ya kupima, mkono hauihisi. NVMe inatamba unapohamisha mizigo mikubwa kati ya NVMe mbili, na wewe unataka moja.

Halafu SN570 haina DRAM (kumbukumbu ya haraka) yake ya kutunzia ramani ya data. Inaazima kipande kidogo cha RAM ya kompyuta, na kwa matumizi yako si tatizo. Nalitaja kwa sababu SSD za SATA hazina ruhusa ya kuazima hivyo. Ukikosa EVO wakakuletea ya SATA isiyo na DRAM wakidai "ni ileile tu", si ileile.

Kiwambo
Kabla hamjafika mbali, mkuu, hiyo mashine ina sloti ya M.2? M.2 ni umbo tu. Kuna sloti zinazopitisha SATA pekee, kuna za NVMe, kuna zinazokubali zote mbili, na kuna zile fupi za kadi ya Wi-Fi. Fungua ubavuni, mulika na tochi, utuambie karibu na sloti pameandikwa nini. Ya diski mara nyingi ina matundu ya skrubu yenye namba 2242, 2260, 2280. Hiyo 2280 maana yake upana milimita 22, urefu 80.

Bi_Takwimu
Wakati anatafuta bisibisi, mimi naiondoa QVO. QLC inabana biti 4 kwenye seli moja, TLC biti 3. Kadiri unavyobana ndivyo uandishi unavyosuasua na seli inavyochakaa mapema. Ujanja wa watengenezaji ni kutenga eneo linaloandikwa biti 1 kwa seli, liwe kama sebule ya kupokelea wageni. Sebule ikijaa, wageni wanapanga foleni mlangoni.

Kwa QVO ya 1 TB sebule ni 42 GB, na Samsung wenyewe wameandika kwenye vipimo vyao kwamba ikishajaa kasi ya kuandika ni 80 MB kwa sekunde. Themanini! Diski yake ya sasa inaweza kuipita. Na folda lake ni 60 GB. Tena uhai wa kuandikiwa ni 360 TB, wakati EVO ni 600.

Mzee_Transista
Binti, hesabu yako ni ya kweli lakini umeiishia njiani. Hizo 60 GB zinatoka wapi? Zinatoka kwenye diski ya zamani, inayotoa labda 120 kwa sekunde ikiwa na hali nzuri. Basi tupige. Kwa 120 mfululizo, 60 GB ni sekunde 500. Kwa QVO, 42 za kwanza ni sekunde 350, na 18 zilizobaki kwa 80 ni sekunde 225. Jumla 575. Tunagombana kwa ajili ya dakika moja na robo, tena kwa kazi ya mara mojamoja.

Na hizo 360 na 600, zigawanye kwa siku za waranti. 360 TB kwa miaka 3 ni kama GB 329 kwa siku. 600 TB kwa miaka 5 ni GB 329 zilezile. Walichopunguza ni miaka. Mtu wa nyaraka na picha hafiki hata robo ya hiyo kwa siku ya kawaida.

Bi_Takwimu
Shikamoo mzee. Ya waranti nakubali, sikuwa nimeigawanya. Lakini folda umelinakili kwenye diski tupu. Katika zile 42, GB 6 tu ndizo za kudumu. Nyingine 36 zinaazimwa kwenye nafasi iliyo wazi. Diski ikikaribia kujaa, sebule inabaki kibaraza. Na wahariri wa picha nawajua, mimi mmoja wao: hatuna diski yenye nafasi. Nilikuwa na QLC ya kampuni nyingine, ikijaa asilimia tisini na kitu, kuhifadhi picha moja iliyohaririwa kulikuwa kunatosha kusoma ujumbe wote wa simu.

Mzee_Transista
Marahaba. Hapo umenishika. Kwa mtu wa picha naiondoa na mimi. Kwa mtu wa kuhifadhi sinema anazozitazama tu, QLC bado naitetea.

Mbuni_Kijani
Nimefungua. Vumbi la humo ndani sisemi. Kuna sloti moja ya M.2, fupi, pembeni pameandikwa WLAN. Nyingine hakuna. Sloti ndefu ya PCIe, ya kadi za ziada, iko tupu kwa sababu natumia grafiki ya ndani. Tundu za SATA zipo nne, mbili zina nyaya.

Kiwambo
Ndicho nilichokuwa nakihofia. Hiyo ya WLAN ni ya Wi-Fi, SN570 haiingii. Unaweza kuipachika kwa adapta kwenye ile PCIe ndefu, lakini BIOS (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) nayo ikubali kuwaka kutoka NVMe. Mashine za kizazi cha 6 nyingi zinakubali, za nyuma zaidi nyingi zinagoma. Yaani unanunua kitu cha pili na kujitia mashakani kwa faida ambayo Nyaya_Tupu amesema hutaihisi. Chukua EVO. Na usihangaike na kishikio cha kuifungia: haina kinachozunguka, haitikisiki. Yangu niliibandika kwa gundi ya pande mbili ubavuni mwa kasha, bado imeganda palepale.

Sufuri_Moja
La pembeni kidogo: kama uko kwenye Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kizazi cha 6 hakimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11. SSD haitibu hilo. Ukiwa unafikiria Linux, huu ndio wakati wa kuisimika upya badala ya kunakili uchafu wa miaka yote.

Mbuni_Kijani
Linux nitaijaribu kwenye mashine nyingine, hii ina programu siwezi kuiacha. Nimechukua EVO, nimenakili diski nzima kwa programu ya Clonezilla, ikawaka mara ya kwanza. Furaha ikaishia hapo. CrystalDiskMark, programu ya kupima kasi, inaonyesha inasoma kama MB 270 tu kwa sekunde, na nikihamisha kitu kikubwa kompyuta inaganda sekunde kadhaa kisha inaendelea. Nimeuziwa feki?

Nyaya_Tupu
Feki huwa mbaya zaidi ya hapo. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, utazame vitu viwili: hali ya uhamishaji, na mstari wa C7.

Mbuni_Kijani
Hali ya uhamishaji: SATA/300 | SATA/600. C7 si sifuri, na nikihamisha faili inaongezeka.

Nyaya_Tupu
Namba ya kushoto ni kasi inayotumika sasa, ya kulia ni ile diski inayoiweza. Imeshushwa nusu. C7 inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi, kwa hiyo seli hazihusiki. Kebo umeitoa wapi?

Mbuni_Kijani
Kwenye kisomea DVD. Na nikiitazama vizuri imekunjwa kona kali karibu kabisa na kichwa.

Kiwambo
Hahaha. Itupe.

Mbuni_Kijani
Nimeweka mpya. Sasa ni SATA/600 | SATA/600, inasoma 550 na ushee, kuganda kumeisha. Ila C7 imebaki na hesabu yake ileile, haijarudi sifuri.

Nyaya_Tupu
Haitarudi, hiyo ni kumbukumbu ya maisha yake yote. Iandike mahali, uwe unaangalia isipande.

Mzee_Transista
Ile diski ya zamani usiifute hadi upite wiki mbili bila tatizo. Baadaye itazame mstari wa 05, wa sekta zilizohamishwa. Kama ni sifuri, iwe ya nakala za picha. SSD ikifa huwa haipigi kelele ya kukutahadharisha kama hizi za kuzunguka.

Mbuni_Kijani
05 ni sifuri, mzee. Nimepima kwa saa ya simu kabla na baada, kutoka kitufe hadi kivinjari kufunguka: zamani dakika 4 na sekunde 10, sasa sekunde 24. Kuoga itabidi nitafute wakati mwingine.