FUNDI KUWEKA KIKOMBE CHA CHAI JUU YA AMPLIFAYA YANGU!!!

SpikaYaKondele: Watu wa Kisumu, huyu fundi mnamjua. Msijifanye. Nusu ya mji imempelekea kitu kikarudi kibaya zaidi. Nimetoka kwake sasa hivi na mikono bado inanitetemeka.

Naingia dukani, nakuta kikombe cha chai juu ya amplifaya yangu. Chai ya maziwa! Amplifaya imewashwa, kikombe kimekaa palepale kwa matundu ya kutoa joto. Nikamuuliza, "Omera, hii ni nini?" Akanijibu mbele ya wateja, hata hakugeuka: "Mzee, si inachemka tu bure? Wacha inipashie chai."

Inipashie chai!

Hii ni klasi A, jamani. Transista zake, zile za kukuza sauti, zinakula stima mfululizo hata kama hakuna wimbo unaopigwa, na stima isiyofika kwa spika inageuka joto. Ndiyo maana yale mabapa ya aluminiamu pembeni ni makubwa hivyo. Lazima hewa ipite. Na hapa ni Kisumu, si Limuru! Ukiziba matundu, joto linabaki ndani linakausha kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi stima. Hesabu yake kila fundi anaijua: punguza nyuzi 10, kapasita inaishi karibu mara mbili. Ongeza nyuzi 10, umekata umri wake nusu. Yeye anaongeza kikombe!

Nilimpa kazi ndogo tu. Afute grisi ya kupitisha joto la transista, iliyokauka ikawa kama chokaa, apake mpya, aweke kapasita za pawa zinazostahimili nyuzi 105, apime bayasi, yaani ile stima inayopita kwa transista bila wimbo, amplifaya ikishapata moto. Grisi hajagusa. Kapasita kaweka za nyuzi 85, ati "ni zilezile". Hayo ningeyameza. Lakini ile chai! Nimeinua kikombe, kimeacha duara la kahawia kwa wavu, na matone yameingia ndani. Ningechelewa kidogo ningekuta anakaanga omena.

JogooLaManyatta: Tuambie kwanza, chai ilipata moto ama haikupata?

BaritoniWaKwaya: Klasi A ya nini na wewe ni mtu wa kukodisha spika matanga? Nunua klasi D uache kulia. Haichemki sana, haili stima, unaibeba na bodaboda.

SpikaYaKondele: Sijauliza ninunue nini! Nimesema KIKOMBE kilikuwa juu ya amplifaya IKIWA IMEWASHWA!

nyota_mamboleo: Hiyo ni chai tu. Wangu wa Nakuru alitoa fyuzi akafunga waya wa shaba. Transista iliposhoti, waya haukukatika, ikaungua transfoma. Nyumba ilinuka wiki nzima.

fundi_mdogo: Mimi ni fundi, Kakamega. Nanyi wateja acheni kutuletea transista za bei ya mtumba. Imeandikwa 2SC5200, ukiipasua, kipande cha ndani ni kidogo ajabu. Ukiongeza sauti tu, pwaa! Halafu lawama kwa fundi.

BaritoniWaKwaya: Na hawa wa kukodisha nao? Tulilipia spika nne, zikaja mbili, moja inakoroma ibada yote. Pasta alisimamisha maombi.

JogooLaManyatta: Kukoroma hivyo ni arthi, ule waya wa kwenda ardhini.

nyota_mamboleo: Arthi gani? Tangu yule wa kuchomelea mageti afungue karibu na kwetu, stima inapanda na kushuka. Jana friji imezima na samaki wote wako ndani.

SpikaYaKondele: Jamani, chai ya maziwa! Ndani ya amplifaya!

nyota_mamboleo: Friji yenyewe bado mpya! Nani anamjua fundi wa friji anayejua kazi, aje leo?

BaritoniWaKwaya: Kuna mmoja upande wa Kibuye. Lakini toa samaki kwanza, huyo anakulanga.

fundi_mdogo: Huyo? Bado ana kompresa yangu.