YULE "MTAALAMU" AMENIGEUZIA PIKI KIDOLENI MBELE ZA WATU!!!

Dole_Bubu (mleta uzi):
Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Nimetoka mazoezini sasa hivi, gitaa hata sijalitoa kwenye begi. Yule bwana wa kucha mnamjua. Msijifanye hammjui, nani humu hajawahi kukaguliwa vidole na yule kama mtoto wa chekechea?

Nimekaa zangu na piki za vidole, yaani vile vidude vya kuvaa kidoleni vya kukwanyulia nyuzi, tatu za chuma na ya dole gumba ya plastiki, nacharaza kwa amani. Akaja. Akanishika kidole cha shahada. AKAICHOMOA piki, AKAIGEUZA, akanivisha upya ulimi, ule ubapa wa kukwanyulia, ukiwa juu ya ukucha! Akawageukia watu: "Hivi ndivyo inavyovaliwa." Ukumbi mzima kicheko, hadi wabeba spika, hadi spika zenyewe.

Jamani, piki zile ulimi unakaa upande wa NYAMA, pale kidole kinapokutana na uzi! Yeye kanigeuzia, nikakwanyua, piki ikaruka kama panzi. Wakacheka mara ya pili.

Na si kwamba sipendi kupiga kwa kucha. Nyuzi za chuma zinazitafuna kuliko msasa. Ukucha unaota kama milimita 3 tu kwa mwezi, ukikatika leo kidole cha kati kinakuwa bubu wiki kwa wiki. Ndiyo maana nikavaa piki. Halafu mtu ANAIGEUZA!

Nyuzi_Sita:
Hii chai. Mtu mzima anavishwa kitu kidoleni, ametulia tuli kama bibi harusi?

Dole_Bubu:
Nilipigwa na butwaa mkuu! Ungekuwepo ungeona alivyoigeuza. Taratibu, kwa vidole viwili, kama anamvua mtoto kofia.

Kucha_Ndefu:
Mtu kakosa adabu, sawa. Ila masikio anayo. Piki za chuma zikigusa uzi ni kelele za vijiko kwenye sufuria.

Mzee_wa_Besi:
@Kucha_Ndefu zinapiga kelele kwa sababu unaingia na ukingo. Pinda ulimi ufuate mviringo wa ncha ya kidole, uzi ukutane na ubapa. Za plastiki zitumbukize kwenye maji ya moto, zikilainika zikaze kwa kipimo cha kidole chako. Earl Scruggs alipiga banjo maisha yake yote na mbili za chuma na moja ya dole gumba, mbona hatukusikia sufuria?

Kucha_Ndefu:
Banjo ni banjo. Kwenye gitaa la nyuzi za nailoni vaa hizo bati uone aibu.

Sauti_Tamu:
Ugomvi wenyewe wa zamani. Karne ya 19 kulikuwa na wapiga gitaa wawili wa Hispania: Fernando Sor alipiga kwa nyama tupu, Dionisio Aguado akapiga kwa kucha, na wakabaki marafiki wakipiga pamoja. Tárrega, Mhispania mwingine wa gitaa, naye mwishoni aliziacha kucha. Hakuna aliyemgeuzia mwenzake kidole.

Dole_Bubu:
ASANTE. Hakuna aliyemgeuzia mwenzake.

Fundi_Kimya:
Mleta uzi, zipo piki zinazokaa upande wa ukucha. Alaska Pik, kwa mfano: ncha inapita chini ya ukucha na nyama inabaki wazi inagusa uzi. Labda jamaa alizoea hizo.

Dole_Bubu:
ZANGU SI HIZO! Zangu zina ulimi mpana, kipofu angeona! Na hizo zinataka ukucha wenye urefu kidogo wa kuzishikilia. Mimi ukucha sina, ndiyo kilio changu tangu mstari wa kwanza!

Nyuzi_Sita:
Kidole bubu, mdomo hapana.

Gundi_Kali:
Nyie wa piki mnadeka. Mimi nilikata vipande vya mpira wa ping-pong, nikabandika chini ya kucha kwa gundi, nikasugua kwa msasa hadi vikang'aa. Katikati ya wimbo kipande kikachomoka kikaingia kwenye tundu la gitaa. Hadi leo kimo, kila nikiinama kinalia kama njuga.

Mzee_wa_Besi:
Afadhali yako. Mimi ni piki ya dole gumba iliyozama. Nimelipindua gitaa juu chini mwezi mzima, zimetoka vumbi, tiketi na kifungo cha shati, piki haijatoka.

Sauti_Tamu:
Kwenu vitu vinazama, kwetu vinaazimwa. Kuna mmoja ameondoka na kapo yangu, kile kibano cha kubana nyuzi shingoni mwa gitaa, "dakika moja tu". Anaitumia mbele yangu, ananitazama machoni!

Kucha_Ndefu:
KAPO! Usinitoneshe kidonda. Yangu imepitia mikono mitatu, nikimuuliza wa kwanza ananielekeza kwa wa pili.

Gundi_Kali:
Waazima kapo wafunguliwe uzi wao. Hawa ni wabaya kuliko wavunja kucha.

Dole_Bubu:
Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu KAIGEUZA piki. Kidoleni mwangu. Watu wakacheka mara MBILI.

Fundi_Kimya:
Tumesikia mkuu, pole. @Sauti_Tamu hiyo kapo ni ya springi au ya skrubu? Kuna mtu hapa mazoezini kwetu ameingia na moja siielewi elewi.

Sauti_Tamu:
Ya springi, nyeusi, raba imechanika upande mmoja. MSHIKE HAPO HAPO, NAKUJA.