Naomba ushauri: Mawasiliano ya Umma au Ualimu?

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Ni mkazi wa Ujiji, Kigoma, na nimehitimu kidato cha sita kwa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Natamani kusoma Shahada ya Mawasiliano ya Umma katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, lakini baba, anayenisomesha kwa dagaa wa Kibirizi, anataka nisome ualimu, kwa kuwa anaamini kwamba mawasiliano ni kusoma taarifa redioni tu. Nimemweleza kuwa wapo maafisa habari wa halmashauri, maafisa uhusiano wa benki na wanaoandaa ujumbe wa afya kwa ajili ya wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, ila hajaridhika. Nimejitolea pia miezi miwili katika redio moja ya hapa, nikikata sauti za mahojiano kwenye kompyuta hadi usiku, na kazi ile niliipenda kwa dhati.

Mliosomea fani hii, naomba mnisaidie: baada ya kuhitimu mlianzia kazi gani, na mliisubiri kwa muda gani? Je, anayelenga kuwa afisa habari serikalini ni heri asome uandishi wa habari au uhusiano wa umma?